Michirizi ya kaskazini–kusini kwenye ramani ya sumaku ya ndege, Kanda ya Ziwa: ni daiki au ni makosa ya data?

MwambaMkongwe

Habari zenu wakuu.

Nina data za sumaku zilizopimwa kwa ndege kwenye leseni ya utafutaji kusini-magharibi mwa Geita. Mkanda wa miamba ya kijani pale unalala mashariki–magharibi, kwa hiyo mistari ya ndege ilipigwa kaskazini–kusini. Mstari hadi mstari ni mita 200, mistari ya kukatiza iko kila mita 2,000, kihisi mita 60 juu ya ardhi. Miamba yenyewe haionekani. Karibu eneo lote ni udongo mweusi wa mbuga, na pembeni kuna murram. Visima vya maji vinaonyesha kifuniko cha mita 20 hadi 40.

Maswali yangu ni matatu:

1. Baada ya kufanya RTP (kugeuza data zisomeke kana kwamba uga wa dunia ni wima, kama kwenye ncha) nimepata michirizi mitano mirefu ya kaskazini–kusini. Kwenye ramani ya uga mzima (TMI) inaonekana kwa mbali sana. Nitajuaje kama ni daiki za doleraiti (kuta za mwamba wa moto uliopenya kwenye nyufa) au ni uchafu wa data?

2. Mwamba wa bendi za chuma (BIF) kwenye TMI unatoka kama bonde refu lenye kina, na kaskazini yake kuna tuta dogo. Wenzangu wanataka kuchoronga juu ya tuta. Ni sahihi?

3. Bonde hilo la BIF linakatika kama mita 400 hivi, kisha linaendelea. Pengo la namna hiyo lina maana yoyote kwa mtu anayetafuta dhahabu?

Natanguliza shukrani.

---

Nanotesla34

Mkuu, nianze na swali la kwanza. Hapo kuna mambo matatu yanayoangukia mwelekeo mmoja, ndiyo maana ukikodolea ramani peke yake hupati jibu. Kosa lolote la mstari mmojammoja wa ndege litachora mchirizi wa kaskazini–kusini. Mkengeuko wa dira pale uko karibu na sifuri, kwa hiyo RTP nayo inakuza kelele upande huohuo. Na hakuna kinachoizuia daiki ya kweli kuelekea huko pia.

Tazama RTP inafanya nini kwa tarakimu. Kanda ya Ziwa uga wa dunia una nguvu ya karibu nanotesla (nT) 33,500, na unaelekea kaskazini huku ukiinuka takriban nyuzi 30 juu ya upeo (kwenye programu unaandika mwinamo −30, ukisahau alama ya kutoa, vitu vya mashariki–magharibi vinahamishiwa upande usio wake). Kitu kilicholala mashariki–magharibi RTP haikikuzi, inakihamisha tu. Kilicholala kaskazini–kusini inakizidisha kwa 1 ÷ sin² ya mwinamo, yaani mara 4 kwa nyuzi 30. Ukienda kaskazini zaidi, mwinamo ukabaki nyuzi 20, ni mara 8.5. Ukifika nyuzi 10, ni mara 33. Kosa la nT 2 la mstari mmoja, ambalo kwenye TMI halimsumbui mtu, kwako limekuwa nT 8, na hapo linafanana kabisa na daiki.

Ubaya wa kesi yako ni kwamba daiki ya kweli ya kaskazini–kusini nayo ni dhaifu kwenye TMI kwa sababu hiyohiyo. Chukua daiki wima yenye upana wa mita 20, suseptibiliti (urahisi wa mwamba kupokea sumaku) 0.03 SI, kilele chake mita 90 chini ya kihisi (60 za hewa na 30 za kifuniko). Uga wenye nguvu hiyohiyo ungekuwa wima, daiki ingetoa karibu nT 35. Hapo Geita itatoa karibu nT 9 tu. Kwa hiyo kutoonekana vizuri kwenye TMI hakuthibitishi kwamba mchirizi ni wa uongo.

Shahidi wako ni mistari ya kukatiza. Hiyo inakwenda mashariki–magharibi, kwa hiyo inaivuka daiki kwa pembe ya mraba, na kosa la mstari wa kaskazini–kusini haliwezi kuonekana ndani yake. Weka gridi pembeni kabisa. Fungua data za mistari, chora wasifu wa kila mstari wa kukatiza, kisha tafuta tuta lenye pande mbili zinazofanana mahali mchirizi unapopita. Daiki nyembamba wima hutoa tuta ambalo upana wake, ukipimwa kwenye nusu ya urefu, ni mara mbili ya umbali hadi kilele chake: kwa mfano wa juu ni mita 180. Magnetomita ya siziamu ikisoma mara 10 kwa sekunde, ndege ikienda mita 65 kwa sekunde, unapata kisomo kila mita 6.5, yaani kama visomo 28 ndani ya tuta hilo. Hiyo inatosha. Mchirizi wa kilomita 10 unapaswa kukatizwa na mistari kama mitano, na matuta yote yapangike kwenye mstari mmoja. Yakipangika, ni mwamba. Yasipokuwepo kwenye mistari yote mitano, futa mchirizi huo kwenye ramani yako ya tafsiri.

---

FundiGridi

Naongezea upande wa uchakataji, maana ndiko watu wengi hukwama.

Kwanza omba data za mistari, sio gridi wala picha. Kwenye faili unapaswa kukuta tarehe, namba ya ruka, sumaku ghafi, sumaku iliyoondolewa athari ya ndege, kisomo cha kituo cha ardhini, altimita ya reda au leza, na kimo cha GPS. Kikikosekana hata kimoja kati ya viwili vya mwisho, uliza mapema.

Kisha tazama mchirizi uko juu ya mstari gani wa ndege. Kosa la usawazishaji (mstari kusoma juu au chini kuliko jirani zake) hukaa juu ya mstari mmoja kamili, hubadilika ghafla kwenye mstari wa jirani, na upana wa wimbi lake kukatiza mistari ni mara mbili ya nafasi ya mistari: kwako mita 400. Mchirizi unaokwenda pembeni ya mstari, au unaohama polepole kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa pembe ya nyuzi chache, hauna tabia hiyo. Angalia pia tarehe. Kama michirizi inaanzia pale ruka la siku moja lilipoishia na jingine kuanza, shaka ya kwanza ni mabadiliko ya uga ya mchana. Saa za katikati ya mchana uga unaweza kupanda na kushuka kwa makumi ya nT, na kituo cha ardhini kikiwekwa mbali sana na eneo, au karibu na barabara na nguzo za umeme, marekebisho yenyewe yanaingiza kosa.

Jambo la pili ni kimo. BIF ni ngumu, husimama kama vilima, na rubani hupanda kabla ya kilima na kuchelewa kushuka. Mstari wa ndege ukipita mita 60 na wa kukatiza ukipita mita 85 juu ya nukta ileile karibu na BIF, tofauti ya makumi ya nT itatokea na haihusiani na mchana wala kifaa. Ukiiachia programu isawazishe kwa makutano kama hayo, itasukuma mstari mzima juu au chini ili kuridhisha nukta moja mbovu. Kabla ya kusawazisha, ondoa makutano yote yaliyo kwenye mteremko mkali wa sumaku au yenye tofauti kubwa ya kimo, usawazishe kwa yaliyobaki kwenye granaiti tulivu.

Ukiona kingo za BIF zina meno ya msumeno, mstari mmoja ukisogea kaskazini na wa jirani kusini, hilo ni kosa la ucheleweshaji kati ya GPS na kihisi. Hurekebishwa kwa kusogeza visomo vichache, na kiasi chake kinatakiwa kiwe kwenye ripoti ya mkandarasi: hupimwa kwa kuruka juu ya kitu cha chuma, kama ghala la bati au daraja la reli, kwa kwenda na kurudi. Kwenye ripoti hiyohiyo tafuta jaribio la fidia ya mwendo wa ndege, yaani kuyumba, kuinua pua na kugeuza mkia kwenye pande nne, juu sana ambako miamba haina nguvu. Jumla ya makosa yote 12 ikiwa chini ya nT 2, ndege ilikuwa safi.

Sasa onyo kuhusu usawazishaji mdogo wa gridi. Filta hiyo inabakiza mawimbi mafupi kuliko mara nne ya nafasi ya mistari (kwako mita 800) yaliyonyooka na mistari ya ndege, kisha inayatoa kwenye data. Daiki ya kaskazini–kusini ina sifa hizohizo! Ukiiendesha bila kutazama, unaifuta jiolojia na ramani inabaki inapendeza. Hifadhi gridi ya kile kilichotolewa, iweke juu ya ramani na uikague. Ukikuta humo mchirizi ambao mistari ya kukatiza imeuthibitisha, punguza ukubwa unaoruhusiwa kutolewa hadi ulingane na kosa unaloliona kwenye granaiti tulivu.

Gridi yenyewe fanya kwa seli ya mita 40 au 50. Ndogo kuliko hapo unabuni tu data kati ya mistari. Na daiki inayokata mistari kwa pembe ndogo itatokea kama shanga kwenye uzi, tuta hapa, tuta pale. Wengine huzichora kama mabomba ya kimbalaiti yaliyojipanga. Ni daiki moja iliyopimwa kwa mistari iliyoachana mno: ukitaka kuepuka hilo, nafasi ya mistari isizidi mara mbili ya umbali kutoka kihisi hadi mwamba. Kwako umbali ni mita 80 hadi 100, nafasi ni 200, kwa hiyo uko ukingoni. Pale mwamba unapokaribia juu ya ardhi umeshavuka.

---

JiweHaliozi

Swali la pili: msichoronge juu ya tuta.

Kwa bamba jembamba, wima, lililolala mashariki–magharibi, lenye sumaku ya kuambukizwa na uga wa leo tu, kwenye mwinamo wa −30 sura yake ni hii: bonde kubwa, na tuta dogo kaskazini yake lenye theluthi moja ya ukubwa wa bonde. Bamba lenyewe liko katikati. Chini kabisa ya bonde kuko kusini mwa bamba kwa 0.58 ya umbali hadi kilele, na juu kabisa ya tuta kuko kaskazini kwa mara 1.73 ya umbali huo. Kwa mita 90 ni kama mita 52 upande mmoja na mita 156 upande wa pili. Shimo likiwekwa juu ya tuta litaanzia mita mia na hamsini kutoka kwenye BIF, tena likielekezwa kaskazini halitaigusa kamwe.

Hapo RTP yako ina kazi nzuri, maana BIF inalala mashariki–magharibi na haikuzwi ovyo. Lakini BIF ina tabia mbili za kuangalia. Sumaku iliyobaki ndani yake tangu zamani huweza kuizidi ile inayoambukizwa leo, na tena mwamba hupokea sumaku kirahisi zaidi kufuata bendi kuliko kukatiza bendi. Vyote viwili huusogeza mwelekeo wa sumaku mbali na uga wa leo, na RTP ya kawaida inalichukulia hilo kama mlalo wa mwamba. Matokeo yake BIF iliyo wima inaonekana imelala kusini, au kinyume chake. Dawa ni vipande vya mwamba: kokoto za mashimo ya wachimbaji wadogo hutosha kupima suseptibiliti kwa kifaa cha mkononi, ila mwelekeo wa sumaku ya kale unahitaji kipande kilichowekewa alama ya dira kabla hakijatolewa mahali pake. BIF yenye magnetaiti huvuka 0.1 SI kwa urahisi na inaweza kupita 1. Doleraiti ni 0.01 hadi 0.05. Mashapo yaliyogeuzwa na joto hayafiki 0.001 mara nyingi.

Usishangae miamba ya kijani yenyewe kuwa kimya. Basalti iliyopikwa kwa joto la wastani hupoteza magnetaiti yake, kwa hiyo mkanda mzima unaweza kuonekana tulivu kuliko granaiti za pembeni. Mtu mgeni hufikiri kelele ndiyo mkanda na utulivu ndio granaiti, akapeleka sampuli zake upande usio wake.

Swali la tatu ndilo lenye uhondo. Geita Hill dhahabu iko pale maji ya moto yenye salfa yalipopita kwenye BIF na kuigeuza magnetaiti kuwa salfaidi za chuma. Piraiti haina sumaku ya kuhesabika. Kwa hiyo pengo kwenye BIF linaweza kuwa ndiyo njia ya maji hayo, hasa likiangukia kwenye mpasuko unaoikata BIF kwa pembe. Lakini pengo hutokea pia BIF inapokonda, inapohamishwa na mpasuko, inapozama kwenye mkunjo, au inapoliwa na granaiti iliyoingia baadaye. Tenganisha hivi: kama ncha mbili za BIF haziko kwenye mstari mmoja, ni mpasuko umehamisha. Kama anomali inapanuka na kupoa kuelekea pengo, ni BIF inazama. Kama ncha zinaangaliana na ukali unakatika ghafla bila kupanuka, huyo ndiye wa kufuatilia. Kuna pia pirotaiti, salfaidi yenye sumaku, ambayo inaweza kuacha anomali ndogo yenye mwelekeo wa ajabu ndani ya pengo, kwa hiyo usilichukulie pengo lisilo tupu kuwa limeshindwa.

Ramani za mionzi kutoka ndege ileile hazitakusaidia hapo, zinaona sentimita 30 au 40 za juu tu, na hizo ni mbuga.

---

MwambaMkongwe

Asanteni sana wakuu. Nimechora wasifu wa mistari ya kukatiza. Michirizi miwili ina matuta ya nT 8 hadi 12 kwenye kila mstari, yamepangika vizuri. Mitatu haina kitu. Ile miwili nataka kukadiria kina. Nimeshauriwa kutumia sigino ya uchambuzi (analytic signal, ukubwa wa mteremko wa sumaku kwa pande zote tatu) kwa kuwa haijali mwinamo. Je, ndivyo? Na kwenye murram kuna vipele vingi vya nT 5 hadi 20, nifanyeje?

---

Nanotesla34

Kwa kitu kirefu, sigino ya uchambuzi haibadili umbo wala mahali kwa sababu ya mwinamo. Ukubwa wake hubadilika. Daiki yako ya kaskazini–kusini itabaki robo ya ile ya mashariki–magharibi yenye mwamba uleule, na ukipaka rangi kwa kiwango kimoja itamezwa na BIF. Tumia pembe ya mwinamo wa gradienti (tilt), inasawazisha wenye nguvu na wanyonge, ila nayo inainua michirizi ya uongo sawasawa na ya kweli, kwa hiyo safisha kwanza ile mitatu. Kama unataka RTP ya kuwaonyesha mabosi, weka mwinamo wa bandia wa nyuzi 45 kwenye ukuzaji: kelele inakuzwa mara 2 badala ya 4. Daiki zako zitapungua nusu kwa hiyo usisome nT kutoka kwenye ramani hiyo.

Kina kisome kwenye wasifu wa mistari ya kukatiza, achana na gridi. Pima upana wa tuta kwenye nusu ya urefu, gawa kwa 2, toa kimo cha altimita ya hapohapo wala sio mita 60 za kwenye mkataba. Tuta la mita 190 na altimita 62 ni mita 33 za kifuniko, na linaafikiana na visima vyako. Hesabu hii ni ya daiki nyembamba. Ikiwa pana kuliko umbali wa kihisi, kina utakachopata kitazidi ukweli. Ukitumia Euler (hesabu ya programu ya kukadiria mahali na kina), faharasa ya umbo ni 1 kwa daiki. Ukiweka 2, ambayo ni ya bomba, programu itakupa kina kikubwa kupita kiasi bila kulalamika.

Vipele vya murram vinatokana na maghemaiti, na mawimbi yake ni mafupi. Inua uga kwa hesabu mita 50 hadi 100 juu, vinatoweka na daiki inabaki, imepungua kwa theluthi moja hadi nusu hivi. Kisipotoweka, kilinganishe na picha ya setilaiti: paa za bati na krasha za wachimbaji wadogo hujificha humo.

Tazama pia data za kitaifa za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilizoko GST (taasisi ya serikali ya jiolojia) Dodoma, mistari kilomita 1. Daiki ya kweli haiishii kwenye mpaka wa leseni.

---

JiweHaliozi

Kabla ya kuchoronga, pita ardhini. Kwenye pengo la BIF piga mistari ya kaskazini–kusini kila mita 50, kisomo kila mita 5, ianze mita 300 kusini mwa bonde hadi mita 300 kaskazini mwa tuta. Kwenye daiki mistari mitatu ya mashariki–magharibi inatosha. Kihisi kiwe juu ya mti wa mita 3 kupunguza murram. Kituo cha ardhini kisome bila kukatika, na anayebeba kihisi aache panga, simu, mkanda wenye kifungo cha chuma na buti za ncha ya chuma. Mwenye panga akae mbele mita 20 au zaidi.

Kwenye pengo ongeza kipimo cha chaji ya umeme (IP), maana salfaidi zilizotawanyika hushika chaji hata pale sumaku imekufa. Udongo wa mbuga unapitisha umeme sana, hivyo nafasi ya elektrodi iwe mita 50 au zaidi ili mkondo ufike chini ya kifuniko. Kwa mita 10 utapima udongo tu. Masika elektrodi zinashika vizuri lakini gari halipiti, kiangazi mbuga inapasuka nyufa na elektrodi zinakosa mguso. Beba maji ya chumvi, na uanze kazi mvua zinapokatika mwezi Juni.